Programu ya chesi kwenye simu: Iliyo kali kuliko zote siyo inayomfaa mtoto wako

Mgololo. Juni na Julai, ukungu wa Mufindi unaposhuka juu ya misonobari, watoto huingia ndani mapema. Giza likishatanda, sebuleni hung'aa vitu viwili: jiko la mkaa na simu ya baba.

Chukulia nyumba moja kati ya nyumba nyingi za wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi. Baba ametoka zamu ya mchana. Mtoto wake wa darasa la sita, aliyezoea kucheza drafti kwa vizibo vya soda, ameona mchezo wa chesi, ambao kamusi zetu huuita sataranji, na anaomba awekewe kwenye simu. Baba anauliza swali ambalo mzazi yeyote angeuliza: "Ipi ndiyo kali kuliko zote?"

Anajibiwa kwamba ni Stockfish, na kwamba ni ya bure. Anaipakua, anaiacha kama ilivyo, anampa mtoto simu.

Wiki ya pili ya likizo, mtoto ameshafungwa mara 31. Hajapata hata sare moja. "Baba, hii simu inaniibia," anasema. Kesho yake programu imefutwa na mtoto amerudi kwenye gemu za magari.

Katika nyumba hiyo hakuna aliyefanya jambo kwa nia mbaya. Baba alitaka kumpa mwanawe kitu bora. Tatizo lilikuwa kwenye swali lake. Katika programu za bure za chesi, ukali wa ile iliyo kileleni hauna msaada kwa anayejifunza. Kinachomhusu mzazi ni jinsi programu inavyocheza ikipunguzwa nguvu, na hapo ndipo programu hizi zinapotofautiana sana.

Nguvu hupimwaje?

Nguvu ya mchezaji wa chesi, awe mtu au mashine, hupimwa kwa alama ziitwazo Elo. Jina hilo ni la Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungary na kuishi Marekani. Shirikisho la Chesi la Dunia, FIDE, lilianza kutumia kipimo chake mwaka 1970.

Kipimo hiki huangalia tofauti kati ya wachezaji wawili. Wakiwa na alama sawa, kila mmoja hutarajiwa kupata nusu ya pointi zote. Mmoja akimzidi mwenzake kwa alama 100, hutarajiwa kupata pointi 64 katika michezo 100. Akimzidi kwa 200, hupata 76. Akimzidi kwa 400, hupata 91. Kushinda ni pointi moja, sare ni nusu, kufungwa ni sifuri.

Magnus Carlsen wa Norway alifikisha alama 2,882 mwaka 2014, kiwango ambacho hakuna binadamu mwingine aliyewahi kukifikia katika orodha ya FIDE. Mtoto aliyejifunza jinsi kete zinavyotembea mwezi uliopita yuko kwenye mamia tu.

Stockfish, katika orodha ya CCRL ambayo watu wa kujitolea huitunza kwa kuzichezesha programu zenyewe kwa zenyewe, ina zaidi ya 3,600.

Sasa fanya hesabu ya yule mtoto. Tuseme ana alama 800. Tofauti ni 2,800. Kwa kanuni ya Elo, atarajie pointi moja katika kila michezo milioni 10. Akicheza michezo 10 kila siku bila kupumzika hata Jumapili, itamchukua zaidi ya miaka 2,700 kupata pointi hiyo. Kufungwa mara 31 hakukuwa uvivu wala ujinga wa mtoto. Alikuwa ameshindanishwa na lori kukimbia mlima.

Hesabu hiyo ichukuliwe kama picha tu, kwa sababu alama za mashine na za watu hazitoki kwenye kapu moja. Mkulima wa viazi wa Nyanda za Juu Kusini anaelewa jambo hili vizuri: gunia ni gunia kwa jina, lakini gunia lililofungwa sawasawa si sawa na gunia la lumbesa. Alama za FIDE hutokana na watu kucheza na watu. Alama za CCRL hutokana na mashine kucheza na mashine. Alama 1,200 za tovuti moja si lazima ziwe sawa na 1,200 za tovuti nyingine, na "kiwango cha 5" cha programu hii kinaweza kuwa cha mbali kabisa na "kiwango cha 5" cha ile.

Mabingwa wa bure

Mwaka 1997 kompyuta ya kampuni ya IBM iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Ilikuwa mashine kubwa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo moja, yenye uwezo wa kukagua hali milioni 200 za ubao kwa sekunde.

Miaka 12 baadaye, mwaka 2009, simu ya mkononi yenye programu ya kulipia iitwayo Pocket Fritz 4 iliingia kwenye mashindano ya watu mjini Buenos Aires, Argentina, ikapata pointi 9.5 kati ya 10. Simu hiyo ilikagua hali zisizofika 20,000 kwa sekunde. Mashine ilikuwa imejifunza kuchagua cha kufikiria, badala ya kufikiria kila kitu.

Leo huhitaji kulipa. Stockfish ilianza mwaka 2008, pale Marco Costalba wa Italia alipochukua programu ya bure ya Tord Romstad wa Norway iliyoitwa Glaurung na kuiendeleza. Akaipa jina la samaki mkavu, ng'onda, kwa kuwa ilizaliwa Norway na kupikwa Italia, kama samaki huyo anavyokaushwa kaskazini na kuliwa kusini. Kanuni zake ziko wazi: yeyote anaweza kuzisoma, kuzirekebisha na kuzigawa.

Tangu mwaka 2013 watu wa kujitolea huazima nguvu za kompyuta zao kupitia mfumo uitwao Fishtest. Mtu akipendekeza badiliko, hata la mstari mmoja, toleo jipya na la zamani huchezeshwa maelfu ya michezo. Badiliko hupokelewa tu pale takwimu zinapoonyesha kwamba linasaidia. Mwaka 2020 Stockfish iliongezewa mtandao wa neva, yaani sehemu inayokadiria hali ya ubao kwa kujifunza kutokana na mifano mingi. Mbinu hiyo ilibuniwa na Yu Nasu wa Japani kwa ajili ya shogi, chesi ya Kijapani.

Mpinzani wake mkubwa katika za bure ni Leela Chess Zero, iliyoanza mwaka 2018. Leela ilipewa sheria za mchezo tu, ikajifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe mamilioni ya michezo. Katika fainali ya mashindano ya programu yaitwayo TCEC mwaka 2019, Leela iliishinda Stockfish kwa pointi 53.5 dhidi ya 46.5 katika michezo 100. Mwaka 2020 iliishinda tena, 52.5 kwa 47.5. Baadaye mwaka huo Stockfish ikarudisha taji.

Tazama jinsi tofauti hizo zilivyo ndogo. Pointi 53.5 kati ya 100 ni tofauti ya alama 24 hivi za Elo. Kwa wataalamu hiyo ni habari kubwa. Kwa mtoto wa Mgololo haina uzito wowote: akicheza na ya kwanza kwenye orodha, ya pili au ya ishirini, matokeo ni yale yale. Leela, zaidi ya hayo, hufanya vizuri kwenye kompyuta zenye kadi kubwa ya picha, kitu ambacho simu ya kawaida haina.

Mashine ikijifanya dhaifu

Hapa ndipo mzazi anatakiwa kutulia na kusoma polepole.

Stockfish inaweza kupunguzwa makali. Njia mojawapo ni kuizuia isiangalie mbele hatua nyingi. Njia nyingine ni kuiruhusu, mara kwa mara, ichague hatua isiyo bora kwa kubahatisha. Matoleo ya karibuni yana sehemu ya kuweka alama za Elo, lakini mwisho wake wa chini ni takriban 1,320, ambao bado ni juu ya anayeanza. Ndiyo maana tovuti kama Lichess, zinazotaka kumpokea mtu asiyejua chochote, zimelazimika kuibana zaidi ya hapo. Lichess ina viwango nane, kuanzia 1 hadi 8.

Lakini mashine kali iliyobanwa hucheza kwa namna ya ajabu. Hucheza hatua tisa kama bingwa, kisha katika ya kumi inamtoa malkia wake bure. Baada ya hapo inarudi kuwa bingwa. Mtoto anayecheza na mpinzani wa namna hiyo hujifunza kungoja zawadi. Hajifunzi kuona hatari inavyojengwa wala kupanga mtego, kwa sababu mitego yake hugunduliwa yote, na makosa anayopewa hayafanani na ya rafiki yake wa dawati moja.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Chuo Kikuu cha Cornell na Microsoft Research walilitazama tatizo hili, na mwaka 2020 wakatoa programu iitwayo Maia. Wao hawakuuliza hatua ipi ni bora. Waliuliza: mtu wa kiwango fulani, akiwa kwenye hali hii ya ubao, angefanya nini? Walichukua mamilioni ya michezo ya watu iliyochezwa Lichess, wakatengeneza Maia tisa, kuanzia ya wachezaji wa alama 1,100 hadi ya 1,900. Karibu nusu ya hatua za binadamu, Maia huzikisia sawasawa.

Kwa hiyo Maia hukosea kibinadamu. Husahau kwamba farasi anaweza kushambulia mfalme na malkia kwa mpigo mmoja. Huvutiwa na kete ya bure iliyo mtegoni. Mtoto akiweka mtego mzuri, Maia inaweza kuingia, na furaha ya mtoto inakuwa ya haki.

Nayo ina mipaka. Ile iliyofundishwa kwa michezo ya watu wa alama 1,100 hucheza vizuri kuliko namba yake. Inachagua kile ambacho wengi wangefanya, na wengi kwa pamoja hawakosei ovyo kama mmoja mmoja. Kwa mtoto wa mwezi wa kwanza bado ni mlima. Ili kucheza nayo Lichess unahitaji pia intaneti na akaunti.

Chesi ya Chess.com, ambayo sehemu yake ni ya bure na nyingine ya kulipia, ina wapinzani wa kompyuta waliopewa majina na sura. Maarufu kati yao ni Martin, aliyepewa alama 250, ambaye mtoto anaweza kumfunga katika siku zake za mwanzo. Ushindi dhidi ya Martin ni mtamu kwa wiki moja, mbili. Mtoto akikaa kwake mwezi mzima, anajifunza kwamba kila hatua ya ovyo inasamehewa.

Pima mwenyewe nyumbani

Mzazi hahitaji kompyuta kubwa wala shahada kulinganisha programu mbili. Anahitaji daftari, kalamu na uvumilivu. Wataalamu wanaopima mashine hufuata mambo machache ambayo yanafanya kazi hata sebuleni.

Kwanza, masharti yawe sawa. Simu ile ile, muda ule ule wa kufikiri, bila kurudisha hatua. Ukiipa programu moja sekunde mbili na nyingine sekunde 20, umepima saa.

Pili, mtoto abadilishe rangi kila mchezo. Mwenye kete nyeupe huanza, na kuanza kuna faida ndogo.

Tatu, andikeni kila matokeo, hata yale yanayouma. Kushinda 1, sare nusu, kufungwa 0.

Nne, na hapa wengi hukosea, msihukumu kwa michezo michache. Rusha sarafu mara 10. Unatarajia mara tano kichwa, mara tano mwenge, lakini mara nyingi haitakuwa hivyo. Chukua programu mbili zenye nguvu sawa kabisa, zicheze michezo 10 isiyo na sare: takriban mara moja katika kila tatu, mojawapo itaondoka na ushindi wa michezo saba au zaidi. Mtu asiyejua atasema, "Hii ni kali kuliko ile." Kumbe ni bahati. Ndiyo maana Fishtest hutaka maelfu ya michezo, na TCEC hucheza fainali ya michezo 100.

Kwa mtoto, maelfu hayawezekani wala hayafai. Kanuni rahisi ya nyumbani ni hii: cheza michezo 10 kwenye kiwango kimoja. Akipata pointi mbili au chini, shusha kiwango au badilisha programu. Akipata kati ya tatu na sita na nusu, abaki hapo, maana amepata mpinzani wa saizi yake. Akipata saba au zaidi, usimpandishe bado. Acheze 10 nyingine. Akipata saba tena, mpandishe. Mtu aliye sawa na mpinzani wake hupata bahati ya namna hiyo mara mbili mfululizo takriban mara tatu tu katika 100.

Fanyeni hivyo kwa Stockfish iliyobanwa, kisha kwa Maia au programu nyingine. Baada ya hapo linganisha madaftari mawili, lakini usiangalie namba peke yake. Muulize mtoto: "Ulifungwaje?" Kama anaweza kueleza, "Nilisahau ngome yake iko kwenye mstari ule," programu hiyo inamfundisha. Kama jibu ni "Sijui tu," hata baada ya michezo 10, mbadilishie.

Stockfish ina kazi yake

Je, ile kali kuliko zote itupwe? Hapana. Kazi yake inaanza mchezo unapokwisha.

Mchezo ukimalizika, ifungueni Stockfish kwa nguvu zote iukague. Programu ya bure ya simu za Android iitwayo DroidFish inayo ndani yake, na inafanya kazi bila intaneti. Tovuti ya Lichess nayo hukagua michezo bila malipo. Mashine itaonyesha mahali ambapo mambo yaliharibika.

Hapo mzazi awe na kiasi. Mashine inaweza kuonyesha makosa 15 katika mchezo mmoja wa mtoto. Mchagulie moja, lile kubwa. Mwache mtoto arudishe ubao mpaka hatua ile, aangalie, na ajaribu kupata hatua bora kabla mashine haijamwambia. Kosa moja kwa jioni moja linatosha. Baada ya likizo ya mwezi mmoja, hayo ni makosa 30 ambayo mtoto ameyaelewa mwenyewe.

Somo kutoka Katwe

Afrika Mashariki ina ushahidi wake kwamba mchezaji hajengwi na mashine kali. Katika mitaa ya Katwe, Kampala, Robert Katende alianzisha mafunzo ya chesi kwa watoto wa mtaa huo maskini. Watoto walikuja, na kivutio kimoja kikubwa kilikuwa uji. Phiona Mutesi, binti aliyemfuata kaka yake hadi pale, alianza kufundishwa na msichana mdogo kuliko yeye kwa umri.

Hakukuwa na programu ya alama 3,600. Kulikuwa na ubao, kete, na mtu aliyekuwa amemzidi hatua chache tu. Mwaka 2010 Phiona aliichezea Uganda katika Olimpiadi ya Chesi mjini Khanty-Mansiysk, Urusi. Mwaka 2016 maisha yake yalitengenezewa filamu, *Queen of Katwe*, iliyoongozwa na Mira Nair.

Ubao nao hauhitaji fedha nyingi. Kipande cha karatasi ngumu ya kaki, rula na kalamu nyeusi vinatosha kuchora vyumba 64. Vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi vinaweza kuwa wafalme na askari. Mtoto anayejua bao ataona jambo la kumchekesha: bao la kete lina mashimo 32 na kete 64, wakati chesi ina kete 32 na vyumba 64.

Ubao wa mkononi una faida ambayo simu haina. Mtoto hutazamana na mtu, husikia anavyopumua akikaribia kushindwa, na hujifunza kushikana mikono baada ya kufungwa.

Kabla hujampa simu

Bando. Pakua programu inayofanya kazi bila intaneti, ili mtoto asimalize bando la wiki kwa siku mbili. Angalia ukubwa wake kabla ya kupakua.

Wageni. Kucheza na mashine hakumkutanishi mtoto na mtu asiyemjua, lakini kucheza mtandaoni kunaweza. Lichess ina sehemu ya mtoto kwenye mipangilio ya akaunti, inayofunga mazungumzo yote na watu wengine. Iwashe.

Matangazo. Programu nyingi za chesi za bure hujilipa kwa matangazo. Stockfish, DroidFish na Lichess hazina. Lichess iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, huendeshwa kwa michango.

Udanganyifu. Mwambie mtoto mapema: kufungua Stockfish huku anacheza na mtu ni wizi. Tovuti kubwa hukagua michezo na kufunga akaunti za wanaofanya hivyo. Kubwa zaidi ni kwamba mtoto anayeshinda kwa akili ya mashine anajua moyoni kwamba hakushinda.

Muda. Michezo miwili kwa jioni na kosa moja la kukagua vinatosha. Mchezo wa tatu ukichezwa kwa hasira, wa nne huwa mbaya zaidi.

Turudi kwenye ile nyumba ya Mgololo. Baba amerudisha programu, safari hii kwenye kiwango cha 1, na amenunua daftari la kurasa 40. Ukurasa wa kwanza mtoto ameandika michezo 10: ameshinda mitatu, sare moja, amefungwa sita. Pembeni ya kila aliofungwa kuna maneno machache. "Malkia alitoka mapema." "Sikuona farasi." "Niliharakisha."

Baba anausoma mstari wa mwisho mara mbili. Nje ukungu umefika dirishani, na chai imeshapoa kwenye kikombe.

"Hapa uliharakisha kwa nini, mwanangu?"

"Nilidhani nimeshamfunga," mtoto anajibu. Kisha anatandaza karatasi ya kaki mezani na kuanza kupanga vizibo. "Baba, kaa basi. Wewe chukua nyeupe."